Neno Lililovuka Barabara

Mtu akikuibia kuku, unajua la kufanya. Utapiga kelele, majirani watatoka, na hata kuku asipopatikana, angalau mwizi atajulikana. Sasa mtu akikuibia neno, utakwenda kusema nini, na kwa nani? Utamwambia askari wa zamu kwamba neno lako ulilokuwa nalo mdomoni miaka yote umelikuta limebandikwa upande wa pili wa barabara, limewashiwa na taa? Atakutazama, atakuonea huruma, halafu atakuuliza kama umekula.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Mama Birika, na mimi sioni sababu ya kuyasimulia kwa upole.

Jina lenyewe lilikuwa na vituko vyake. Mgeni akilisikia alidhani mama huyu ni bahili, kwa kuwa mwenye mkono wa birika kila mtu anamjua, hatoi hata akiombwa mvuke. Kumbe wapi. Alipokuwa msichana aliosha vyombo katika hoteli moja kubwa ya katikati ya mji, na hoteli ilipofungwa vitu vyake vikauzwa, wenzake waligombania mashuka na sahani zenye maua. Yeye akaondoka na birika. Lilikuwa dude la shaba lenye tumbo kubwa, akalibeba kichwani kutoka mjini mpaka nyumbani, watoto wakimfuata kwa shangwe kana kwamba kaiba ngoma. Mumewe, fundi seremala, alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akachukua randa na mbao, akaanza kutengeneza meza. Mume alifariki zamani, Mungu amrehemu, lakini meza zake zilikaa miaka yote zimelika kingo na hazijawahi kutikisika.

Mgahawa ulikuwa chumba kimoja chembamba kati ya kinyozi na duka la vitambaa. Mbele kaunta ya mbao, nyuma jiko, pembeni kabati la kioo la keki na mikate, na juu ya kabati redio iliyokamata kituo kimoja tu, na hicho kimoja kwa kusuasua. Kibao hakikuwepo. Watu walisema twende kwa Mama Birika, wakaenda.

Zamani mtaa ule ulikuwa na migahawa ya namna hiyo kila baada ya milango michache, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sura, na sura ilikuwa na kisirani au kicheko chake. Leo ukipita hapo hutaamini. Mmoja umekuwa duka la kubeti. Mwingine wanauza makava ya simu. Wa pale kona umekuwa ofisi yenye vioo vyeusi na mlinzi, na hata mlinzi mwenyewe ukimuuliza ofisi inafanya kazi gani anakuna kichwa. Mwenye mgahawa ule wa kona alirudi kwa wanawe kupumzika, akapumzika kweli, hakumaliza mwaka. Na magazeti yanaandika kwamba mji unakua. Unakua, ndiyo, kama jipu linavyokua.

Kwa Mama Birika hapakuwa na orodha ya vinywaji ukutani. Siku ya kwanza ukiingia alikuuliza unataka nini, akakusikiliza vizuri, akakutazama unavyokunywa. Siku ya pili ulisema "kama jana" na kukaa. Basi, yalikuwa yamekwisha. Fundi Saa, aliyetengeneza saa kwenye kibanda cha jirani, akisema kama jana aliletewa kahawa chungu ndani ya glasi na kipande cha mkate cha pembeni, kile kigumu, kwa sababu meno yake yalipenda kazi. Watu wakasafiri, wakaoa, wakafungwa, wakatoka, na siku waliporudi walisema kama jana na wakaletewa kile kile. Mama Birika hakuwahi kukosea na alijivunia hilo kupita kiasi. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli. Alikuwa akisema kwamba hata mtu akimsahau mkewe, yeye hatasahau kikombe chake.

Mteja wa zamani kuliko wote alikuwa Mwalimu. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule waliwahi kupigwa fimbo naye, na nusu nyingine walistahili. Alikuwa mstaafu sasa, mrefu, msafi, na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele yake: vibao, namba za magari, hata maandishi ya kwenye mifuko ya sukari. Siku moja binti yake, anayefanya kazi benki, alikuja peke yake na kumvuta Mama Birika nyuma ya kaunta.

"Mama, baba ana sukari," alisema. "Na siku hizi anasahau. Akinywa chai anasahau kama amekunywa. Ukimwambia ana ugonjwa anakuwa mkali, anasema sisi ndio wagonjwa. Akikuambia mwekee sukari, nakuomba usimsikilize."

"Niachie mimi," Mama Birika akajibu.

Na kweli akaachiwa. Tangu siku hiyo kahawa ya Mwalimu ilikuwa ya maziwa, bila hata punje ya sukari, ila mdalasini aliuchemsha humo mpaka ukadanganya ulimi. Mwalimu alionja, akafumba macho, akasema, "Leo sukari imekolea."

"Si ndivyo unavyopenda, Mwalimu?"

"Kama jana," alisema Mwalimu, ambaye jana hakuijua tena.

"Kama jana," alijibu Mama Birika, ambaye aliijua kwa niaba yake.

Sasa tumlete mwenye balaa. Mdogo wake Mama Birika alikuwa na mtoto wa kiume aliyekulia mle mgahawani. Akitoka shule alikaa chini ya kaunta na madaftari yake akila keki zilizovunjika, na keki nyingine, nadhani, alizivunja mwenyewe. Alinenepa mpaka wateja wakamwita Kibonge. Alisoma, akahitimu, akakonda, akapata kazi kwenye kampuni ya matangazo, akawa mtu wa suti iliyombana, lakini jina likagoma kukonda naye.

Kibonge alipotea miaka, kisha asubuhi moja akaingia, akambusu Mama Mkubwa wake mkono, akakaa meza ya mbele. Mama Birika alifurahi mpaka akaunguza maziwa.

"Mama Mkubwa," alisema kijana baada ya keki mbili, "hivi wateja wako wakiingia hapa husema nini?"

"Wewe umekulia hapa, umesahau?"

"Sijasahau. Nataka nisikie kwako."

Mama Birika akafuta mikono kwenye aproni na kumweleza yote: kama jana ni nini, ilianzaje, nani aliisema kwanza, nani aliisema akiwa amevaa pingu. Alisimulia kwa raha, alitia chumvi kidogo pale palipopwaya, na Kibonge akaandika kwenye simu, kidole kikienda mbio. Akauliza na habari za birika. Akalipiga na picha.

Hapo ndipo Mama Birika alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo mimi na wewe tungelifanya vilevile. Kwa miezi alikuwa amemlalamikia mdogo wake kwamba mgahawa hauna kibao, kwamba wateja wapya wanapita tu. Akaunganisha mambo. Kijana anafanya kazi ya matangazo, kijana anauliza maswali, basi kijana anamtengenezea Mama Mkubwa wake kibao. Hakumuuliza, kwa kuogopa kuharibu zawadi. Alimwambia Fundi Saa, akamwambia kinyozi, akamwita fundi wa rangi akapaka upya ukuta wa juu ya mlango, rangi ya maziwa, ili maandishi yaonekane. Akasubiri.

Upande wa pili wa barabara, palipokuwa na duka la vitabu vya shule, pakazungushiwa mabati. Ndani walivunja, wakajenga, wakatoboa. Mama Birika aliomba Mungu liwe duka la dawa. Asubuhi mabati yalipoondolewa alikuwa anamwaga maji machafu mlangoni, na ndoo ikamtoka mkononi.

KAMA JANA, ndivyo kilivyosema kibao, kwa herufi zilizopindapinda makusudi kana kwamba zimeandikwa kwa mkono. Chini ya maneno palichorwa birika. Lile lile, na tumbo lake, na kishikio kilichobonyea upande mmoja. Kupitia kioo zilionekana meza mpya zilizopigwa msasa zionekane kuukuu, na taa zilizotengenezwa zifanane na taa mbovu. Ilikuwa ni ile kampuni yenye migahawa kila pembe ya mji, ila safari hii walikuja wamevaa nguo za kuazima.

"Kama jana," alisoma Mwalimu kwa sauti kutoka kitini mwake, kisha akageuka kutazama kaunta akingoja kahawa nyingine.

Hakuna aliyecheka. Mama Birika alivuka barabara vilevile alivyo, na aproni yake na mikono yenye unga, akaingia. Ndani palikuwa na baridi ya mashine na watu wamepanga foleni kama kwa daktari. Akapanga naye. Nyuma ya kaunta alikuwapo msichana mwenye kofia.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Nipe kama jana."

"Samahani, mama?"

"Kama jana. Si mmeandika hapo nje?"

"Ah, hilo ni jina la mgahawa tu, mama. Kwani jana ulikunywa nini?"

"Jana hamkuwepo."

Msichana akamwonyesha ubao uliojaa majina marefu, ya barafu, ya povu, ya krimu, kubwa na kubwa zaidi. Ndogo haikuwepo. Mama Birika akaelekeza kidole popote.

"Niandike jina gani?"

"Jina la nini?"

"La kwenye kikombe, mama. Ikiwa tayari tunakuita."

"Mimi nimesimama mbele yako, mwanangu. Unaniita ya nini?"

Msichana akaziba mdomo kuzuia kicheko, na Mama Birika akashindwa kumkasirikia. Alimwona anavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na namna ile ya kusimama aliijua tangu siku zake za hotelini. Ni ya mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri. Akamuuliza mwenye mgahawa ni nani. Msichana akasema hajawahi kumwona. Mama Birika akatoka bila kinywaji, na hasira yote aliyoingia nayo akatoka nayo, maana mle ndani hapakuwa na mtu wa kumkabidhi.

Akamtumia Kibonge salamu kupitia kwa mama yake, salamu za aina ambayo hata mtu mzima hathubutu kuzipuuza. Kijana akaja Jumapili. Hakukaa.

"Mama Mkubwa, nisikilize kwanza," alisema. "Mgahawa huu utafungwa tu. Kama si mwaka huu, mwaka ujao. Umeona mtaa ulivyo. Mimi nilitaka angalau neno libaki. Birika libaki. Watu walione."

"Kwa hiyo ulinizika kabla sijafa, halafu ukauza sanda."

"Sijauza. Ni kazi yangu, walitaka wazo, na mimi nikawaza jambo ninalolipenda. Na nimewaambia habari zako. Wanataka uje siku ya uzinduzi rasmi, upigwe picha, wakuweke ukutani."

"Ukutani wanawekwa marehemu, Kibonge."

"Mama Mkubwa..."

"Nilipaka ukuta," alisema Mama Birika. "Nilipaka rangi ukuta mzima, nikidhani unaniletea kibao. Toka ndani ya nyumba yangu."

Kijana akatoka. Jioni mdogo wake akapiga simu, anamwombea. Alisema dada, yule ni mtoto. Mama Birika akauliza ni mtoto gani ana ndevu. Mdogo mtu akasema hakuwa na nia mbaya, alifanya kwa mapenzi. "Hilo ndilo linaloniuma," alijibu. "Angenifanyia kwa ubaya ningejua pa kumweka." Akakata simu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku hizi. Fundi Saa alikuwa wa kwanza kuvuka. Alisema anakwenda kuchaji simu. Simu ya Fundi Saa ilikuwa ya vitufe, ikichajiwa leo inadumu hadi mwezi uandame, lakini ghafla ikawa na njaa kila asubuhi. Wengine wakafuata, wakipita upande wa pili huku wamegeuza shingo kana kwamba barabarani kuna ajali upande ule. Huku mwenye nyumba wa sasa, mtoto wa yule mzee aliyempangisha kwa kupeana mkono, akaanza kuja na watu wa kupima kuta.

Na Mama Birika naye, lazima lisemwe, hakujisaidia. Hasira ikamkalia kooni. Wachache waliobaki waaminifu aliwapokea kwa kuwasema walioondoka, asubuhi mpaka mchana, na mkate aliuweka mezani kwa kishindo. Alisimama dirishani na kitambaa mkononi, anahesabu wasaliti. Watu hawaendi mgahawani kugombezwa kwa makosa ya wenzao. Na hao nao wakapungua.

Mwalimu alikuwa anakuja bado. Miguu yake ilijua njia hata kichwa kilipochoka. Mpaka asubuhi moja alipotokea upande ule mwingine wa barabara, labda kukwepa shimo walilochimba watu wa maji, na kusimama chini ya kibao. Akainua uso. Midomo yake ikacheza. Maneno aliyokuwa akiyasema kila akiingia mlangoni, leo mlango ulimtangulia kuyasema. Akavua kofia, akasukuma kioo, akaingia.

Mama Birika alimwona. Barabara ile si pana, sauti yake ingefika bila hata kupaazwa. Angeweza kuita, Mwalimu, huku. Angeweza kuvuka na kumshika mkono. Badala yake alisema peke yake, "Aende. Na yeye aende. Wote waende." Akarudi kufuta meza zilizokuwa safi. Kesho yake alimwona tena, na keshokutwa, na kila alipomwona ilimchoma, na kila ilipomchoma alijiambia kwamba kama hata Mwalimu amemwacha basi dunia imekwisha. Hasira ina uongo wake. Ilimfanya asahau kwamba Mwalimu hakuwa na uwezo wa kumwacha mtu. Ili umwache mtu lazima kwanza umkumbuke.

Binti yake Mwalimu alikuja mchana, bado amevaa sare ya benki, macho yamevimba.

"Mama, nisamehe nimekuja hivi hivi," alisema. "Baba amelazwa. Sukari ilipanda akaanguka chooni. Daktari anauliza amekuwa akinywa nini. Nikamwambia nje ya nyumbani hanywi kitu ila kwa Mama Birika, na kule najua yuko salama. Nikasema nije nikuulize tu, labda siku moja mlichanganya vikombe. Sikulaumu, mama. Binadamu tunasahau."

Mama Birika alishika kaunta. Mwanamke huyu alikuwa anamwomba akiri kusahau, kitu pekee ambacho maishani mwake hakuwahi kukifanya.

"Hakunywa kwangu," alisema. "Amekuwa akienda pale ng'ambo."

"Pale? Tangu lini?"

"Siku kadhaa."

"Ulijuaje?"

"Nilimwona."

Binti akatazama dirishani, akatazama barabara, ufupi wake, na kioo cha upande wa pili ambacho kupitia kwacho mtu angeweza kuwaona wateja mle ndani wakikoroga vikombe. "Ulimwona," alisema. Hakuuliza. Akachukua mkoba wake na kuondoka, hakutukana wala kufunga mlango kwa nguvu, na Mama Birika akatamani angetukana.

Alivuka tena barabara siku ile ile, mara hii bila aproni. Msichana mwenye kofia alimkumbuka.

"Kuna mzee mrefu anakuja hapa," Mama Birika alianza.

"Yule anayesoma kila kitu?" msichana akatabasamu. "Babu mzuri yule. Kila siku ananiambia kama jana. Namuuliza jana ulikunywa nini, anacheka, halafu ananionyesha ile picha kubwa ya krimu na karameli."

"Anaonyesha picha kwa sababu hajui. Ana sukari. Yuko hospitali."

Tabasamu likafutika. Msichana akashusha macho, akaanza kufuta mahali pasipo na kitu. "Mama, mimi sikujua. Nani angeniambia?"

Nani angemwambia. Mtu mmoja tu katika mji mzima, na huyo alikuwa amesimama dirishani amekunja uso. Mama Birika akafanya jambo lililomuuma kuliko kuibiwa. Aliwapa na kilichobaki. Alimweleza msichana Mwalimu anywe nini, kwa kiasi gani, amjibu nini akidai sukari, amshike vipi asione aibu. Akamweleza na ya Fundi Saa, ambaye tumbo lake haliwezi maziwa japo mwenyewe anakana. Akamweleza ya wote aliowaona wamekaa mle, mmoja mmoja.

"Nitajitahidi, mama," alisema msichana kwa sauti ya chini. "Lakini wiki ijayo nahamishwa. Hawatuachi tawi moja muda mrefu."

"Kwa nini?"

"Wanasema tukikaa sana tunazoeana na wateja. Foleni inachelewa."

Mama Birika aliomba arudie, naye akarudia. Ilikuwa sheria ya kampuni. Watu walioajiri msomi awatafutie neno la kuzoeana, wakalitundika nje kwa taa, ndani wameweka sheria ya kuzuia mazoea. Nimeyasikia maudhi mengi mjini, lakini hili bado likinijia nikiwa nakula, naweka kijiko chini.

Mgahawa wa Mama Birika ulifungwa kabla mwaka haujaisha. Hapakuwa na hotuba. Mwenye nyumba alitaka chumba, wateja hawakuwepo wa kumtetea, na kinyozi akamsaidia kubeba. Kampuni ilimtuma mtu kuulizia meza, zile zilizolika kweli, na Mama Birika akampa jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Meza akawagawia majirani. Siku hizi pale panauzwa makava ya simu. Ndiyo, duka la pili la makava katika mtaa mmoja, kana kwamba simu za mji huu zinasikia baridi.

Mwalimu alipona, kwa kiasi mtu wa umri ule anavyoweza kupona. Binti akajaribu kumzuia nyumbani, akashindwa. Mtu aliyeamka miaka yote kwenda kunywa kahawa ukimfungia mlango atakuvunjia dirisha. Na miguu yake ilikuwa na njia mpya sasa, moja kwa moja hadi chini ya kibao. Mama Birika alikwenda nyumbani kwao, akasimama barazani. Binti hakumkaribisha ndani.

"Nitakuwa naye asubuhi," alisema Mama Birika. "Kila asubuhi. Mle mle."

"Sawa, mama," alijibu binti, bila kutabasamu.

Ndiyo maana leo, ukipita pale mapema, utamwona mama mmoja mnene amekaa meza ya karibu na mlango, chini ya picha za birika alilolibeba mwenyewe kichwani, mbele ya kikombe cha karatasi ambacho hakigusi. Hajamsamehe Kibonge. Hajaisamehe kampuni, wala mwenye nyumba, wala Fundi Saa ambaye humpungia mkono kutoka meza ya nyuma na kujibiwa kwa jicho. Uso wake ni wa mtu anayengoja kesi.

Mwalimu huingia, huvua kofia, na humkuta.

"Leo umekaa?" aliuliza asubuhi moja, na mimi nilikuwa meza ya pili. "Nani yuko jikoni?"

"Nimepumzisha miguu kidogo, Mwalimu. Kaa hapa."

Akakaa. Mama Birika akaenda kaunta. Alikuwapo kijana mgeni, wa tatu au wa nne tangu yule msichana, na Mama Birika akaanza upya kumweleza: maziwa, bila sukari, bila krimu, hata akilia. Akatoa kikaratasi cha mdalasini mkobani, kijana akasema vitu vya nje haviruhusiwi. Akakirudisha. Akarudi na kikombe, akakiweka mbele ya mzee.

Mwalimu akaonja. Uso ukamkunjamana. Akaweka kikombe chini taratibu, akaweka mikono mezani, na kwa sauti ile ya darasani iliyofika mpaka ukutani, akasema:

"Mama Birika, mimi nawe tumetoka mbali, kwa hiyo nitakuambia ukweli. Kahawa yako siku hizi imeharibika. Watu watakukimbia."

Meza za jirani ziligeuka. Kijana wa kaunta akacheka. Nilimwona Mama Birika anavyovuta pumzi, na mishipa ya shingo ilivyomsimama, na nikajua kwamba maneno anayo, ya kutosha kampuni nzima na matawi yake yote. Angeweza kusema kahawa ile si yake. Angeweza kusema ya nani.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema. "Kunywa hivyo hivyo."

Mwalimu akafikiri kidogo, akakiinua kikombe, akanywa.